Webuye: Ujuzi Usioandikwa Kwenye Daftari la Mali

Mwaka 2016 kiwanda cha karatasi cha Webuye, ambacho Kenya nzima ilikijua kwa jina la Pan Paper, kiliuzwa kwa kundi la kampuni za Rai kwa shilingi milioni 900. Mjadala uliozuka ulikuwa wa bei. Waliopinga mauzo walisema hiyo ni bei ya kutupa kwa ardhi, majengo na mitambo iliyogharimu mabilioni. Waliotetea walijibu kwamba mitambo iliyolala kwa miaka haitofautiani sana na vyuma chakavu, na kwamba kitu kilichokwama hakiuzwi kwa bei ya kitu kinachofanya kazi. Kila upande ulikuwa na hoja yake, lakini pande zote mbili zilihesabu vitu tu. Ninachodai hapa ni kwamba kiwanda cha karatasi, kwa sehemu yake kubwa, ni ujuzi wa pamoja wa watu wanaokiendesha usiku na mchana. Kwamba ujuzi huo ndio ulioanza kupotea Webuye, wala haukuandikwa kwenye daftari lolote la mali. Na kwamba mahali unapoweza kupatikana leo ni katika kumbukumbu za waliofanya kazi pale. Kumbukumbu hizo zimezoeleka kutumiwa kama kitoweo cha habari za magazeti, aya moja ya huzuni kabla ya kurudi kwenye takwimu za madeni. Naona zinastahili kuwekwa mbele, kama ushahidi mkuu wa historia ya mji huo.

Kiwanda hakikuangukia Webuye kwa bahati. Kabla ya kuitwa Webuye, mahali hapo palibandikwa jina la Broderick Falls, kwa sababu ya maporomoko ya mto Nzoia ambayo wenyeji wanayaita Nabuyole. Juu ya mji kuna kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Reli ya kwenda Uganda ilipita hapo katika miaka ya 1920, na kituo kikabaki kidogo: maduka machache, mahindi na miwa kuzunguka pande zote, na barabara kuu ya kwenda mpakani Malaba. Ila kwa mtu anayetafuta mahali pa kutengeneza karatasi, palikuwa na vyote vitatu anavyohitaji. Palikuwa na maji mengi yasiyokauka, reli na barabara ya kusafirishia mzigo, na nyanda za juu za Turbo hadi Timboroa zilizofaa misonobari na misaipresi. Serikali ya Kenya huru ilitaka kuacha kuagiza karatasi kutoka nje. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaunda kampuni ya Pan African Paper Mills kwa ubia na Orient Paper Mills, kampuni ya familia ya Birla ya India, pamoja na shirika la fedha la kimataifa lililo chini ya Benki ya Dunia. Karatasi ikaanza kutoka mwaka 1974. Uwezo wa mwanzo ulikuwa tani 45,000 kwa mwaka, nao ukazidi mara mbili kwa upanuzi wa baadaye.

Hapa simulizi za kawaida hurukia matokeo: ajira zipatazo 1,500 za moja kwa moja, maelfu mengine ya wanaotegemea, daftari za shule, karatasi ya magazeti, maboksi ya kufungia bidhaa. Matokeo hayo ni ya kweli, lakini yanaruka swali ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Mwaka 1974 hapakuwa na mtu Webuye, na kwa hakika hapakuwa na watu wengi Kenya nzima, aliyewahi kupika mbao ikawa karatasi. Wahandisi na mafundi walitoka India wakiwa na uzoefu wa viwanda vya kwao. Waliobaki walikuwa vijana wa mashambani, wengine wametoka shule juzi, Wabukusu, Watachoni na majirani zao, pamoja na wageni waliofuata kazi kutoka mbali. Kiwanda kikafanya kazi zaidi ya miaka 30. Hilo haliwezi kuelezwa kwa mikataba ya mikopo. Linaelezwa kwa namna watu hao walivyojifunza, na namna walivyofundishana baada ya hapo.

Ili kupima uzito wa kujifunza huko, ni lazima kuiangalia kazi yenyewe kwa karibu. Magogo yakishabambuliwa gome hukatwakatwa kuwa vibanzi. Vibanzi huingizwa kwenye mapipa makubwa ya chuma pamoja na kostiki soda na chumvi za salfa, hufungwa, na kupikwa kwa mvuke wenye mgandamizo mkubwa kwa joto la nyuzi 170 hivi. Kinachotafutwa ni kuyeyusha kile kinachogandisha nyuzi za mti pamoja, bila kuziumiza nyuzi zenyewe. Ukipika kidogo, vibanzi vinabaki vigumu na vinakwenda kuleta vurugu mbele. Ukipitiliza, nyuzi zinadhoofika na karatasi inachanika kirahisi. Kitabu kinakupa saa na nyuzi joto. Lakini gogo lililokatwa jana halifanani na gogo lililokaa uwanjani miezi mitatu, na mti wa kiangazi haufanani na mti wa masika. Mpishi wa zamu ndiye anayejua leo aongeze nini na apunguze nini. Rojo likishaoshwa na kuchujwa hufika kwenye mashine ya karatasi likiwa karibu maji matupu, nyuzi zikiwa hazifiki hata asilimia moja. Hapo humwagwa juu ya wavu unaokimbia, maji yakachujika, ukatokea utando mbichi unaopitishwa kwenye roli za kukamua na kisha kwenye safu ya mapipa yenye mvuke ndani, hadi unapofika mwisho ukiwa mkavu na kuviringishwa.

Utando huo hukatika. Ndiyo sehemu ya kazi ambayo watu wa mashine za karatasi popote duniani hawaisahau. Karatasi ikikatika, mashine haisimami: rojo linaendelea kumwagika, roli zinaendelea kuzunguka, na karatasi iliyoharibika inarundikana. Wafanyakazi wanapaswa kuikata ncha nyembamba ya utando na kuipitisha tena kutoka roli hadi roli, kwa mkono na kwa hewa ya kupuliza, kila mmoja akiwa mahali pake, kwenye joto na kelele ambamo sauti ya mtu haisikiki. Watu waliozoeana wanaelewana kwa ishara na kwa macho, na utando unarudi mahali pake kabla hasara haijawa kubwa. Watu wasiozoeana huhangaika zamu nzima. Vivyo hivyo na kutambua ubora: mtengeneza karatasi mzoefu huitikisa karatasi hewani akasikiliza mlio wake, huipapasa, huiinua kwenye mwanga, na huwa ameshajua unyevu na mpangilio wa nyuzi kabla majibu ya maabara hayajaja. Ujuzi wa namna hii uko masikioni na vidoleni, na uko baina ya watu. Ukimchukua mmoja peke yake na kumpeleka kiwanda kingine, anakwenda na nusu tu.

Mahali pa pili pa kutazama ni tanuri la kurejesha dawa, na hapa hoja yangu inagusa pesa moja kwa moja. Takriban nusu ya mti ndiyo inayokuwa rojo la karatasi. Nusu nyingine huyeyuka ndani ya dawa na kuwa maji meusi mazito. Maji hayo hayamwagwi. Hukaushwa hadi yakawa mazito kama asali, kisha hunyunyizwa ndani ya tanuri na kuchomwa. Mabaki ya mti yaliyo ndani yake hutoa mvuke wa kuendeshea kiwanda, na dawa hutiririka chini ikiwa imeyeyuka kwa joto kali, ikakusanywa, ikachanganywa na chokaa na kurudi kupika vibanzi vipya. Mzunguko huu ukiwa mzima, kiwanda kinajitengenezea sehemu kubwa ya nishati yake na kuokoa sehemu kubwa ya dawa zake. Ukiyumba, inabidi kununua mafuta mazito ya kuchoma na kostiki mpya, na gharama zinapanda siku hiyo hiyo. Tena ni mahali pa hatari: maji yakivuja na kugusana na dawa ile iliyoyeyuka, mlipuko wake unaweza kuua watu na kubomoa jengo. Kwa hiyo mtu aliyekaa mbele ya tanuri lile alikuwa ameshika mkononi uhai wa wenzake na faida ya kampuni kwa wakati mmoja. Hesabu za mwaka zilimwandika kama gharama, mshahara mmoja miongoni mwa mishahara 1,500. Mtu mwenyewe akisimulia leo alivyokuwa akisoma rangi ya moto kupitia tundu la tanuri, anatueleza ilikotoka faida ambayo wahasibu waliiona tu ilipofika kwao.

Kazi isiyozimwa jioni huupanga mji mzima. Kiwanda cha aina hii hakiwezi kufungwa Ijumaa na kufunguliwa Jumatatu, kwa sababu kukiwasha na kukizima ndiko kunakokitesa. Basi zamu zilipokezana mchana na usiku, na Webuye ikawa mji wenye watu barabarani saa ambazo miji mingine ya ukubwa wake imelala. Wenye nyumba walijenga vyumba vya kupangisha. Wenye maduka walikopesha unga na sukari wakijua mwisho wa mwezi utafika na mshahara ndani yake. Mkulima wa pembezoni aliyekuwa akisubiri malipo ya miwa kwa miezi sasa alikuwa na mnunuzi wa maziwa kila asubuhi. Timu ya kandanda ya Pan Paper ilicheza ligi kuu ya taifa, jambo ambalo mji wa ukubwa ule haukuweza kulipata kwa njia nyingine. Waliofanya kazi pale wanapokumbuka maisha hayo, mara nyingi wanakumbuka utaratibu kuliko utajiri. Mishahara ya viwandani haikumtajirisha mtu. Ilimwezesha kupanga: karo ya muhula ujao, bati la mwaka ujao, mtoto wa tatu aingie sekondari kama wa kwanza.

Nimetaja bati kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo pingamizi la kwanza linapoanzia, nalo si dogo. Watu watasema: kumbukumbu hizi ni za kutamani ujana tu, zinasahau harufu. Kila aliyepita Webuye kwa basi miaka ile anaijua harufu hiyo, harufu ya yai viza iliyotangulia mji kwa kilomita kadhaa. Ilitokana na gesi za salfa zinazozalishwa vibanzi vinapopikwa. Moshi ule ule uliila mji: mabati ya nyumba yalishika kutu na kutoboka mapema mno, na malalamiko ya wenye nyumba yaliandikwa kwa miaka mingi. Maji machafu yalishuka kwenye Nzoia, mto ambao watu huutumia hadi Budalang'i unapoingia Ziwa Viktoria. Rojo la karatasi nyeupe lilisafishwa kwa klorini, gesi ambayo ikivuja haisamehi mapafu. Je, ni haki kuiita historia ile simulizi inayokuja baada ya kifua kupona na bati jipya kuezekwa?

Nakubali kila kitu katika pingamizi hilo isipokuwa hitimisho lake. Kwanza, si kweli kwamba kumbukumbu za wafanyakazi zinasahau harufu na kutu. Ndizo hasa zinazoyahifadhi. Hesabu za kampuni hazina safu ya mabati ya jirani, na ripoti ya mkopo haina kikohozi cha mtu wa zamu ya usiku. Tukizifuta kumbukumbu kwa madai kwamba ni za kutamani ya kale, tunafuta pia ushahidi wa madhara, na hapo atakayefaidika si mwenye bati lililotoboka. Pili, kinachowashangaza wageni, yaani mtu kulalamikia moshi na papo hapo kuulilia uliponyamaza, si mkanganyo. Ni hesabu kamili ya mtu aliyeijua bei aliyoilipa na alichokipata kwayo. Mwenye nyumba aliyebadilisha bati mara mbili kwa sababu ya moshi alilinunua bati hilo kwa kodi ya mpangaji aliyefanya kazi kwenye moshi huo. Moshi ulipokoma, mpangaji aliondoka. Kumtaka achague kimoja akisahau kingine ni kumtaka aseme uongo kuhusu maisha yake.

Hata hivyo kuna aina ya usahaulifu ambayo ni lazima tuikubali. Simulizi zinazosikika zaidi ni za waliokuwa na ajira ya kudumu, watu wenye kitambulisho cha kazi na haki ya kudai kiinua mgongo. Vibarua waliopakia magogo wanasikika kidogo. Wanasikika kidogo zaidi wakulima wa mfumo wa shamba, ambao kwa miongo mingi walipanda mahindi na maharage kati ya miche ya serikali katika misitu ya kupandwa ya Kenya, wakiipalilia miti kwa jembe lao, kisha wakahamishwa miti ilipotanda kivuli. Jasho lao liliingia kwenye bei ya gogo, na gogo likaingia kwenye bei ya karatasi. Mama aliyeuza uji na chapati kwa watu wa zamu naye hayumo kwenye orodha ya watu 1,500. Jawabu la upungufu huu ni kuupanua mduara wa wanaoulizwa. Kuacha kuuliza kabisa kwa sababu wa kwanza kuulizwa walikuwa wachache ni kuwanyamazisha wengi mara ya pili.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa uchumi, na limejengwa vizuri. Wanasema Pan Paper haikuwahi kusimama kwa miguu yake. Ililindwa na ushuru na leseni zilizozuia karatasi ya nje. Ilipata magogo kutoka misitu ya umma. Na serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake mwaka 1999, kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa chache zilizopewa msamaha. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, karatasi ya bei nafuu ikaingia, madeni yakapanda, umeme na mafuta vikawa mzigo. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147 katika soko la dunia, na kabla mwaka uliofuata haujachanganya, kiwanda kikafungwa. Kwa maoni yao ujuzi wa wafanyakazi, hata uwe mkubwa kiasi gani, haukuwa na nafasi katika habari hii: kilichokipa uhai kiwanda ni upendeleo, na kilichokiua ni kuondolewa kwa upendeleo.

Sina ugomvi na tarehe hizo wala na bei hizo. Ninachokataa ni kwamba zinatosha. Ushuru unaweza kuipa karatasi yako bei nzuri, lakini hauwezi kuupitisha utando uliokatika kwenye roli. Jirani kusini ya mpaka kuna mfano wa kupimia. Tanzania ilijenga kiwanda chake huko Mgololo, Mufindi, kikitegemea msitu mkubwa wa Sao Hill na reli ya TAZARA, kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Kilianza uzalishaji mwaka 1985, kikiwa mali ya umma, kikiwa na ulinzi wote ambao dola inaweza kukipa kiwanda chake. Katika miaka ya 1990 mitambo ilisimama. Baadaye kikauzwa kwa wawekezaji wale wale wa Rai na kurudi kazini kwa jina la Mufindi Paper Mills. Ulinzi ulikuwepo pande zote mbili, misitu ilikuwepo, mikopo ilikuwepo. Webuye ikazalisha kwa zaidi ya miaka 30 na Mgololo haikufikisha nusu ya hiyo kabla ya kusimama. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, na hali ngumu ya uchumi wa Tanzania ya miaka ya 1980 ni mojawapo. Lakini yeyote anayedai kwamba ulinzi wa serikali ndio uliokuwa kila kitu ana deni la kueleza kwa nini ulinzi uleule ulizaa matunda tofauti. Mimi naona sehemu ya maelezo hayo iko katika jinsi Webuye ilivyopata muda wa kulea kizazi cha pili cha mafundi, waliofundishwa na wenzao badala ya wageni, katika mji ambapo fundi aliyestaafu aliishi mtaa mmoja na kijana aliyemrithi.

Upande wa pili wa jambo hilo ni mchungu zaidi, nao ndio unaonifanya nisisitize. Ikiwa ujuzi huo ndio ulioshikilia kiwanda, basi kila mwaka uliopita bila kazi ulikuwa ukiharibu kitu kisichoweza kutiwa grisi na kufunikwa turubai. Pan Paper ilifungwa mwanzoni mwa 2009 na kuwekwa chini ya mrasimu. Mwishoni mwa 2010 Rais Mwai Kibaki alikifungua tena kwa shangwe. Haikupita miezi mingi kikanyamaza. Watu wengi waliichukulia hadithi ya ufunguzi ule kuwa ya siasa tu. Siasa zilikuwemo, lakini kuna la kiufundi pia. Mitambo ya aina hii, tanuri lake na mizunguko yake ya dawa, haiwashwi kama taa. Inataka mtaji wa kununua magogo, dawa na mafuta kabla karatasi ya kwanza haijauzwa, na inataka kundi zima la watu liwe mahali pake siku hiyo hiyo. Kufikia wakati huo wengine walikuwa wamerudi mashambani, wengine wamekwenda Nairobi na Eldoret, wengine wanaendesha bodaboda, wengine wamefariki. Waliobaki walikuwa bado mabingwa, mmoja mmoja. Kundi halikuwepo tena.

Hapo linaingia pingamizi la tatu, la watu wa vitendo. Wanauliza: si kiwanda kimefufuliwa? Baada ya 2016 mmiliki mpya alikifanyia matengenezo na mashine zikazunguka. Ikiwa karatasi inatoka, kumbukumbu za nini? Ni kweli karatasi ilitoka, na kila familia iliyopata mshahara tena Webuye ilistahili. Lakini kazi ilirudi kwa idadi ya watu walio wachache mno wakilinganishwa na wa zamani. Aliyekuwa kijana mwaka 2009 alikuwa ameshapoteza miaka saba ambayo angejifunza chini ya mkono wa mkubwa wake, na mkubwa huyo alikuwa ameshapita umri wa kuitwa kazini. Mnyororo wa kufundishana ulikatika kiungo kimoja, na kiungo kimoja kinatosha. Jambo hili halikutokea kwetu peke yetu. Kiwanda mama cha Orient kule Brajrajnagar, mji mdogo wa jimbo la Odisha nchini India, nacho kilifungwa mwaka 1999, miaka 10 kabla ya Webuye. Mji uliozaa ujuzi ule na mji ulioupokea yote miwili ikabaki na mabomba ya moshi na wastaafu.

Kuna wasomi watakaosema kumbukumbu ya mtu wa miaka 70 haiaminiki, kwamba huchanganya miaka na kuongeza chumvi. Kwa tarehe za mikutano na kiasi cha mikopo, nakubaliana nao, tukasome nyaraka. Lakini tukumbuke ni kumbukumbu ya nini inayotafutwa hapa. Mtu aliyesimama mbele ya mashine ileile kwa miaka 20 anaweza kukosea mwaka wa waziri fulani kutembelea kiwanda. Hakosei valvu ipi ilifunguliwa kwanza, sauti ipi ilitangulia utando kukatika, wala roli ipi ilikuwa na tabia ya kuvuta upande. Tena kumbukumbu za aina hii zinapimika. Waliofanya zamu moja wakiulizwa mbalimbali, maelezo yao yanalinganishwa. Daftari za zamu, pale zilipohifadhiwa, zinaonyesha mashine ilisimama lini na kwa nini. Masimulizi kuhusu mto yanaweza kuwekwa kando ya vipimo ambavyo watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya wamekuwa wakivichukua Nzoia kwa miaka mingi. Hata kutu inaweza kutoa ushahidi, kwa kuwa mitaa iliyokuwa upande upepo ulikoelekea inajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda kuuliza maswali sahihi. Mwandishi akifika na swali la "ulijisikiaje kiwanda kilipofungwa?" ataondoka na machozi. Akiuliza "zamu yako ilianzia wapi, na kitu cha kwanza kugusa kilikuwa nini?" ataondoka na historia ya viwanda Kenya ambayo haimo katika maktaba yoyote.

Swali lenyewe lina faida kwa leo pia. Kaunti na wizara zinaendelea kutangaza mipango ya kufufua viwanda vilivyolala, kuanzia vya sukari magharibi hadi vya pamba na nguo. Kila tangazo linataja mabilioni ya mitambo. Ni nadra kusikia likitaja nani atafundisha, kwa muda gani, na kama waliokuwa wakijua bado wako hai. Webuye imeshatuonyesha gharama ya kusahau kuuliza hivyo, na imetuonyesha mara mbili, 2009 na 2011.

Aliyeingia Pan Paper akiwa na miaka 20 wakati karatasi ya kwanza inatoka, leo amevuka 70. Chuo Kikuu cha Kibabii kiko Bungoma, na Masinde Muliro kiko Kakamega. Watu wa vyuo vyote viwili wanaweza kufika Webuye na kurudi kwa siku moja, na wanafunzi wao wa historia na uhandisi wanazijua lugha za wazee hao. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Nairobi na kazi yake ni hii. Wapeleke vinasa sauti na michoro ya mashine, wakae na mpishi wa rojo, mtu wa tanuri, mpakia magogo, mkulima wa mfumo wa shamba, mama wa chapati na mwenye bati lililotoboka, wawaulize waliyoyafanya kwa mikono yao, na waanze mwaka huu.